Mimea Rafiki Isipopatana: Kusoma Dalili Kwenye Tuta Dogo

Orodha za mimea rafiki, ile inayosemwa husaidiana ikipandwa pamoja, ni tamu kusoma. Nyanya na mrehani, karoti na vitunguu, mahindi na maharage na maboga. Unazifuata neno kwa neno, halafu wiki ya sita maharage yamekuwa manjano, vitunguu vimebaki vyembamba kama penseli, na vidukari wamejazana palepale ulipoambiwa hawatakanyaga. Unarudi kwenye orodha kutafuta adui uliyemkosea.

Mara nyingi huyo adui hayupo. Mimea miwili iliyopandwa pamoja hugombania vitu vitatu vya kawaida kabisa: mwanga, maji na chakula cha udongoni. Atakayeshinda huamuliwa na nani alitangulia kuota, nani ni mrefu, na nafasi uliyoacha katikati. Kwa hiyo ukiona tatizo, usianze na swali la "je, hawa wanapendana?" Anza na tarehe uliyopanda, futi kamba, na kidole kilichozamishwa kwenye udongo.

Je, kweli jirani ndiye mkosaji?

Kabla ya kung'oa chochote, simama mbali kidogo uone dalili zimekaaje kwenye tuta. Chukua mmea unaoumwa ulio karibu kabisa na jirani anayeshukiwa, kisha linganisha na wenzake walio hatua moja na hatua mbili mbali. Hali ikizidi kuwa nzuri kadiri unavyosogea, jirani anahusika, kwa kivuli au kwa mizizi. Ikiwa wagonjwa wametawanyika bila mpango, mmoja hapa, mwingine kule, fikiria wadudu au ugonjwa. Tuta zima likiwa dhaifu kwa kiwango kimoja, tatizo ni udongo, maji au mbegu. Na kama ni ukingo mmoja tu ulioathirika, tazama juu na pembeni: ukuta unaorudisha joto, mti ambao mizizi yake imepita chini ya uzio, paa linalozuia mvua.

Kisha chimba kidogo, kama sentimita 10, katikati ya mimea hiyo miwili. Udongo wa juu unaweza kuwa umelowa huku chini ni vumbi, hasa pale majani mapana yanapokinga maji ya kumwagilia yasifike kwenye mizizi ya mdogo aliye chini yake. Dakika tano za ukaguzi huu zimeokoa mimea yangu mingi kuliko dawa yoyote.

Maharage yameelemea mahindi, na mahindi yana mapengo

Mahindi, maharage na maboga kwenye shimo moja ni mfumo wa kale wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee, ambao huita mimea hiyo dada watatu. Mahindi ni mti wa kupandia, maharage huongeza rutuba, maboga hufunika ardhi. Bustani nyingi za nyumbani huujaribu na kushindwa, na karibu kila mara kosa ni lile lile: mbegu zote tatu zilizikwa siku moja.

Dalili yake haifichiki. Maharage yanayotambaa hukimbia kuliko mahindi machanga, huyazungukia yakiwa bado laini, na mvua ya kwanza yenye upepo hulaza vyote chini. Ikifika hapo, chomeka mti imara pembeni ya kila shina, fungulia maharage taratibu uyahamishie kwenye mti, kisha inua udongo kuzunguka kitako cha hindi. Msimu ujao acha mahindi yafike sentimita 15 ndipo uzike maharage, na maboga yafuate wiki moja hivi baada ya maharage kuota. Angalia pia aina ya maharage. Yale mafupi ya kichaka hayatambai popote. Chini ya mahindi hubaki kivulini yakitoa majani mengi na maganda machache.

Mapengo kwenye hindi lililokomaa ni jambo jingine kabisa, ingawa maharage ndiyo husingiziwa. Kila uzi wa ndevu za hindi huleta punje moja, na uzi usiopata chavua huacha tundu. Chavua hubebwa na upepo kutoka kwenye mbelewele za juu. Mkulima wa bustani ndogo, kwa kupenda kuchanganya, huweka shina moja la hindi hapa na jingine kule, na chavua huishia kwenye majani ya maboga. Panda mahindi kwa kundi, mistari mitatu au minne mifupi iliyo karibu, wala usiyanyooshe kwenye mstari mmoja mrefu. Kama umechelewa, tikisa mbelewele asubuhi ndevu zikiwa bado mbichi, au kata tawi la mbelewele ulipukutishe juu ya ndevu.

Maboga machanga yanayogeuka manjano na kudondoka yakiwa na ukubwa wa kidole nayo yamekosa uchavushaji. Hapa kazi ni ya nyuki, na maua hufunguka asubuhi tu. Chuma ua dume, lile lisilo na kiboga kidogo nyuma yake, toa petali zake, na ulisugue katikati ya ua jike.

Nimepanda maharage karibu, lakini jirani yake bado ni manjano

Hapa pana imani inayohitaji kurekebishwa. Ni kweli kwamba jamii ya mikunde, yaani maharage, kunde, njegere na ndugu zake, hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kugeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula. Lakini chakula hicho hakigawiwi mezani wakati mmea ungali hai. Sehemu kubwa hutumiwa na mkunde wenyewe, na nyingi huishia kwenye mbegu unazovuna. Jirani hunufaika zaidi baadaye, pale mizizi na majani ya mkunde yanapooza udongoni. Kabichi iliyopandwa siku moja na maharage ikitarajia kulishwa nayo italala njaa.

Tazama ni majani gani yamebadilika rangi. Manjano yakianzia kwenye majani ya zamani ya chini, shuku upungufu wa nitrojeni. Mpe mboji iliyoiva au samadi iliyooza vizuri sasa hivi, usingoje fadhila za maharage. Manjano yakianzia kwenye majani mapya ya juu huku mishipa ikibaki kijani, shuku madini ya chuma, udongo wenye chokaa nyingi, au maji yaliyotuama.

Halafu kagua maharage yenyewe. Yakiwa na umri wa wiki tano au sita, chimbua shina moja kwa uangalifu, usilivute, maana vinundu hukatika na kubaki chini. Pasua kinundu kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wako kazini. Kukiwa na weupe au ukijani, hawafanyi kitu. Kukikosekana vinundu kabisa, kuna sababu mbili za kawaida: udongo hauna bakteria wanaofaa aina hiyo ya mkunde, au una nitrojeni nyingi kiasi kwamba mmea haujaona haja ya kuwakaribisha. Hiyo ya pili ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye matuta ya nyumbani. Mtu amejaza samadi tele, maharage yamekuwa msitu wa kijani kibichi, maua machache, na maganda ya kuhesabu. Dawa yake ni kuacha mbolea kwenye mstari huo. Kama ni bakteria wanaokosekana, paka mbegu za msimu ujao chanjo ya bakteria iliyotengenezwa kwa ajili ya mkunde huo hasa. Ya soya haifai maharage.

Ukimaliza kuvuna, kata shina usawa wa ardhi na uiache mizizi ioze palepale. Kung'oa ni kubeba rutuba uliyoingojea msimu mzima.

Harufu ipo, wadudu nao wapo

Mrehani, vitunguu saumu, kotimiri: vyote vimewekwa walinzi, na vidukari hawajali. Wazo kwamba harufu kali hufukuza wadudu limekaa vichwani mwetu kwa muda mrefu, lakini lilipopimwa halikusimama imara. Watafiti wa Uingereza Stan Finch na Rosemary Collier, katika maandiko yao ya mwaka 2000 na 2003, walichunguza nzi wa mizizi ya kabichi na kuona kwamba mimea yenye harufu haikuwazuia kuliko mimea isiyonukia. Kilichohusika ni ukijani. Nzi huyo hutua juu ya kitu chochote cha kijani na kukwepa udongo mtupu. Kabla ya kutaga lazima atue kwenye jani sahihi mara kadhaa mfululizo. Akikutana na jani la jirani katikati ya safari hiyo, huanza upya au huondoka. Hata vipande vya kijani visivyo na uhai viliweza kumvuruga.

Kwa bustani yako maana yake ni hii: shina moja la mrehani kwenye kona ya tuta ni pambo. Kinachosaidia ni kuvunja ile picha ya kabichi za kijani zilizozungukwa na udongo mtupu, kwa kufunika ardhi kati yake na mimea mifupi ya jamii nyingine. Lakini iwe mifupi kweli. Ikiizidi kabichi, umepunguza wadudu na umepunguza kabichi.

Kotimiri ina kazi nyingine, na watu wengi huizuia bila kujua. Maua yake madogo huwalisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na nzi wenye mistari ya njano ambao watoto wao hula vidukari. Ni maua yanayolisha, majani hayalishi kitu. Ukiikata kila wiki kwa ajili ya mboga haitachanua, na wale wageni hawatakuja. Acha mashina machache yachanue.

Kuna pia mimea ya mtego, kama haradali kando ya kabichi au nasturtiamu kando ya maharage. Ukiona mtego umejaa wadudu, umefanya kazi yake na sasa zamu ni yako. Usipoung'oa, kuukata au kuuosha kwa maji yenye nguvu kwa wakati, unageuka kuwa kitalu cha wadudu, na wakiumaliza huhamia kwenye mboga. Nilipata somo hilo kwa kupoteza mstari mzima wa kabichi huku nikisifia jinsi haradali ilivyokuwa "inawavuta".

Kama vidukari hawapungui hata wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala wakionekana, fuatilia sisimizi. Sisimizi hunywa majimaji matamu ya vidukari na huwafukuza wanaowala. Kata njia yao kwanza, kwa kuondoa majani yanayogusa uzio na kuwavuruga kwenye shina, kisha maadui wa vidukari watapata nafasi. Na ukumbuke samadi: majani laini yaliyoshiba nitrojeni ndiyo vidukari wanayoyapenda kuliko yote.

Mizizi ina uvimbe ingawa kuna marigoldi

Kwanza hakikisha uvimbe huo ni ugonjwa. Vinundu vya mikunde vimekaa ubavuni mwa mzizi na hutoka ukivisugua kwa kidole. Vifundo vya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoingia kwenye mizizi, ni mzizi wenyewe uliovimba kama shanga zilizotungwa, na huwezi kuvitoa bila kuukata mzizi. Nimeona watu wakichoma moto mizizi ya kunde iliyojaa vinundu safi, wakidhani wana minyoo.

Ikiwa ni minyoo kweli, nyanya, bamia, karoti na tango ndizo huumia mapema: mmea hudumaa, hunyauka mchana wa jua hata udongo ukiwa na unyevu, na karoti hutoka na miguu miwili mitatu. Marigoldi ya jamii ya Tagetes kweli inaweza kupunguza baadhi ya minyoo hii, kwa kemikali inayotoka kwenye mizizi iliyo hai. Lakini maua matatu yaliyopangwa kati ya nyanya hayatoshi. Inabidi ipandwe peke yake, kwa msongamano, eneo lote lililoathirika, kwa miezi miwili au zaidi kabla ya zao, na magugu yasiachwe humo maana minyoo itaishi juu yake. Tena jina limewachanganya wengi: kalendula, ambayo nayo huitwa marigoldi, si mmea huo.

Kwenye tuta dogo ambalo huwezi kuliacha bila mboga miezi miwili, gawanya nusu kwa nusu, ongeza mboji kwa wingi, na nusu iliyobaki weka vitunguu au mahindi badala ya nyanya.

Nyanya zinanyauka

Mnyauko una sababu nyingi, na majirani wa nyanya wanahusika kwenye mbili tu.

Ya kwanza ni kiu. Mmea hunyauka mchana na kuamka jioni, udongo wa chini ni mkavu, na jirani ni mlaji mkubwa wa maji kama boga au hindi. Mwagilia kwa kina mara chache badala ya kunyunyiza kila siku, weka matandazo, na acha sentimita 45 hadi 60 kati ya nyanya na nyanya, na mita nzima kutoka kwenye shina la boga.

Ya pili ni udugu. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili hoho ni familia moja. Kuziweka pamoja kwa sababu "zinapenda jua sawa" ni kuziwekea magonjwa meza moja. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, na hauamki jioni, kata kipande cha shina la chini, kiningʼinize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna tiba. Ondoa mmea pamoja na mizizi na udongo ulioshikana nayo, usiutupe kwenye mboji, osha jembe, na familia hiyo yote isirudi hapo kwa miaka kadhaa. Weka mahindi au kabichi.

Kukiwa na mabaka ya kahawia yenye majimaji kwenye majani, na ukungu mweupe chini ya jani asubuhi zenye unyevu, umepata bakajani chelewa, na viazi vilivyo jirani vitafuata ndani ya siku chache. Ng'oa haraka.

Nyanya iliyooza kitako, baka jeusi lililozama upande wa chini wa tunda, haina uhusiano wowote na jirani. Ni kalsiamu isiyofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi: mafuriko leo, ukame wiki ijayo.

Unga mweupe kwenye majani

Ubwiri unga hupenda kivuli na hewa iliyotulia, na tofauti na kuvu wengi hauhitaji jani lililolowa. Ndiyo maana hushika majani ya maboga yaliyosongwa chini ya mahindi. Toa majani ya chini yaliyozeeka, elekeza mashina ya boga yatoke nje ya tuta, na usihofu sana kuhusu majirani wa familia nyingine: unga ulio kwenye boga kwa kawaida hauhamii kwenye maharage.

Vitunguu havijazi

Orodha husema vitunguu na maharage ni maadui. Mimi naona kisa rahisi zaidi. Kitunguu kina majani membamba yasiyoweza kumfunika mtu na mizizi mifupi, kwa hiyo hushindwa na karibu kila jirani mwenye majani mapana, magugu yakiwemo. Kiweke ukingoni mwa tuta upande unaopata jua refu, sentimita 10 kati ya kimoja na kingine, na kama ni lazima kiwe na mwenza, mpe karoti au saladi. Kwa mimea mirefu kanuni ni hii: kaskazini mwa ikweta ikae upande wa kaskazini wa tuta, kusini mwa ikweta ikae upande wa kusini. Karibu na ikweta yenyewe jua hubadilisha upande kwa misimu, kwa hiyo tazama kivuli cha saa sita kabla ya kuamua.

Mbegu hazioti sehemu moja tu

Hapa ndipo uadui halisi wa kikemikali huweza kuwepo. Maganda na mabaki ya alizeti huzuia mbegu ndogo kuota. Ukiwa na alizeti, kusanya mabaki yake usiyaache juu ya tuta. Mti wa jozi nyeusi hutoa juglone, sumu inayoua nyanya. Shamari ina sifa ya kutopatana na wengi, na kuipanda kwenye chungu chake hakukupotezei kitu. Lakini kabla ya haya yote, jiulize kama ulifukia majani mabichi hapo siku chache zilizopita. Majani yanayoanza kuoza huua miche michanga. Subiri wiki mbili au tatu.

Kama mbegu ziliota na miche ikatoweka usiku, tazama shina. Limekatwa usawa wa ardhi na limelala palepale: ni sota, kiwavi anayejificha udongoni, mchimbue sentimita chache pembeni yake. Majani yameliwa na kuna utelezi unaong'aa: konokono, na matandazo mazito au mimea ya kufunika ardhi uliyoweka ndiyo nyumba yao ya mchana. Isogeze mbali na miche mpaka iwe na majani matano au sita.

Mnanaa umeteka tuta

Uliuweka kwa ajili ya kabichi, sasa hakuna kabichi. Chimba, chekecha udongo, toa kila kipande cha mzizi mweupe, maana kipande cha sentimita chache huota upya. Kisha upande kwenye ndoo iliyotobolewa chini, ukiiinua kila baada ya wiki chache kuona kama mizizi imepenya kwenye matundu.